Mwosha Paka

Mama yangu alikuwa mwosha. Hapa kwetu Unguja neno hilo halihitaji nyongeza. Ukisema fulani ni mwosha, hakuna atakayekuuliza anaosha nini. Alikuwa akiitwa usiku wa manane na alfajiri, mvua za masika zikinyesha au jua la kiangazi likichoma, naye huondoka na mfuko wake mdogo wenye pamba, karafuu maiti na majani ya mkunazi yaliyotwangwa, akaenda kumsitiri mwanamke mwenziwe kwa mara ya mwisho. Hakupata kuweka kibao mlangoni. Hakupata kumwambia mtu, "Unikumbuke siku ikifika." Walakini, katika miaka thelathini na zaidi ya kazi yake, sikumbuki mwezi uliopita bila ya mtu kuja kubisha hodi na kusema kwa sauti ya chini, "Bibi, tunakuhitaji."

Mimi binti yake nimekuwa mwosha pia, ila mimi naosha paka. Najua msomaji ameshatabasamu. Walitabasamu wote, na baadhi yao walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini ni kazi iliyonilisha kwa zaidi ya miaka kumi na kunisaidia kuwasomesha wadogo zangu wawili, na siku hizi hutokea vijana wanaotaka kuianza wakaja kuniuliza swali moja: wateja wapya unawapataje? Huwa nawapa jawabu fupi, kwa sababu maji yako motoni na paka yuko mezani. Jawabu refu ndilo hili.

Kazi hii sikuifuata, ilinikuta. Mwaka 2009 nilikwenda Muscat kutumika katika nyumba ya watu, kama walivyokwenda na wanavyokwenda wasichana wengi wa visiwani. Si mji mgeni kabisa kwa sikio la Mzanzibari: dukani, hospitalini na hata ndani ya teksi unaweza kukutana na mzee anayezungumza Kiswahili cha Mji Mkongwe, kimesalia vilevile kama kilivyoondoka mwaka 1964. Nyumba niliyofikia ilikuwa na paka wawili weupe, pua bapa, manyoya marefu kama usufi. Siku ya kwanza bibi wa nyumba alinionyesha kwa kidole akasema, "Hawa ni Shirazi." Nilitaka kucheka. Kwetu sisi Shirazi ni nasaba wanayojinasibisha nayo watu wa Kizimkazi, Tumbatu na Pemba. Ni msikiti wa Kizimkazi na maandishi yake ya Kikufi ya mwaka 1107. Ni nusu ya jina la Afro-Shirazi Party iliyoundwa mwaka 1957. Kule Ghuba Shirazi ni paka, yule ambaye Wazungu humwita paka wa Kiajemi. Nikajisemea moyoni: kumbe jamaa zangu wamenitangulia huku, na mimi ndiye mtumishi wao.

Paka wale walikuwa na daftari la chanjo, kila mmoja na lake, yamewekwa juu ya meza ya sebuleni. Pasi yangu mimi ilikuwa imefungiwa katika kabati ambalo ufunguo wake sikuwahi kuuona. Silisemi hili kwa chuki, kwani watu wale walinitendea mema na mabaya kama wanaadamu wengi. Nalisema kwa sababu ndilo lililonifanya niwatazame paka wale kwa makini, kama mtu anavyomtazama jirani aliyejaaliwa daraja ya juu kuliko yake.

Kila baada ya wiki tatu nilitumwa niwapeleke kwenye duka la kuwaogesha na kuwachana. Aliyekuwa akiifanya kazi hiyo ni kijana wa Kifilipino, mtu mpole mwenye mikono iliyojaa makovu ya kucha. Nilisubiri nikitazama, kisha nikatazama nikisaidia, na hatimaye akaniachia paka wangu niwaogeshe mwenyewe. Alinifundisha kwamba sabuni ya mtu huikausha ngozi ya paka. Kwamba maji yawe vuguvugu, yaanzie shingoni kwenda mkiani, na uso upanguswe kwa kitambaa tu. Kwamba ndani ya kucha mna nyama hai, na ukiikata itatoka damu na paka hatakusahau. Kwamba fundo la manyoya halikatwi kwa mkasi hata siku moja, kwani ngozi ya paka ni nyembamba mno na huvutwa ikapanda ndani ya fundo, ukadhani unakata nywele kumbe unakata mwili. Zaidi ya yote alinifundisha kushika. Paka akishikwa kwa khofu naye huogopa. Hili la mwisho nilikuwa na habari nalo tangu udogo wangu, maana mama alikuwa akituambia kwamba hata maiti hushikwa kama mtu anayesikia maumivu.

Nilirudi mwaka 2014 na mashine ya kunyolea, vitana vitatu vya chuma na akiba iliyotosha kukodi chumba cha mlango mmoja pembezoni mwa Mji Mkongwe, si mbali na Darajani. Nikamwita mchoraji aniandikie kibao: TUNAOSHA PAKA NA MBWA. Asubuhi ya kwanza mzee mmoja wa baraza ya jirani alisimama akakisoma kwa sauti, neno baada ya neno, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wamekufa lini?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba Muscat ilikuwa imenipotezea kidogo lugha yangu. Kwetu aliye hai huogeshwa. Anayeoshwa, au kukoshwa kama tusemavyo wenyewe, ni maiti. Vyombo navyo hukoshwa, lakini paka si sufuria. Nilimrudisha mchoraji akaandika TUNAOGESHA, ila jina lilikuwa limeshatoka barazani na jina likishatoka halirudi. Nikawa Mwosha Paka, na ndiye niliye hadi leo. Mama alipolisikia hakukasirika. Alisema tu, "Jina zito hilo. Uliangalie."

Miezi ya mwanzo nilifanya yote ambayo mwenye duka jipya hufanya. Niligawa karatasi za matangazo mahotelini na madukani. Nilishusha bei kutoka shilingi elfu kumi na tano hadi elfu saba. Wakaja watu wa elfu saba, wakataka niwafanyie kwa elfu tano, kisha wasirudi. Nilitoa zawadi ya kitana kwa kila mteja mpya. Kitana kikachukuliwa na paka asionekane tena. Katika hayo yote jambo moja tu lilizaa, nalo lilizaa kwa sababu lilihusu imani za watu wala si mifuko yao.

Wateja wangu wa kwanza wa kudumu walikuwa wageni wanaoishi hapa, nao wengi wao walikuja na mbwa. Majirani wakaona mbwa wakiingia na kutoka, na wenye paka wakaacha kuja. Sikuweza kuwalaumu. Sisi wa madhehebu ya Shafi tumelelewa tukijua kwamba paka ni tohara, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu usiku na mchana. Ama mbwa akiwa na majimaji, najisi yake ni nzito, na alichokigusa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu ambaye paka wake hulala juu ya mswala atamletaje katika karai lililoogewa na mbwa? Nilifunga mlango siku mbili nikafikiri. Nilipofungua, kibao kilisema: PAKA TU. MBWA TUNAWAFUATA KWAO. Tangu siku hiyo mbwa nawaogesha katika nyua za mabwana zao, kwa makarai yao, nami nikimaliza hujitoharisha kwa maji na udongo safi ninaouchukua katika kopo. Haukupita mwezi wenye paka wakaanza kurejea. Hakuna aliyekuwa ameniambia kilichomkimbiza. Mteja asiyekuja ana sababu yake, na aghalabu sababu hiyo hakuletei mlangoni. Ni juu yako kuitafuta.

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na lilikuwa rahisi. La pili lilinigharimu, na si mimi niliyelipa sehemu kubwa ya gharama yake. Kisa chenyewe nakieleza kwa idhini ya mjukuu wa mhusika, na jina na mtaa navihifadhi.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 aliniletea paka wake bibi mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, ambaye nitamwita Bi Mkubwa kama nilivyomwita siku zote. Paka alikuwa dume wa rangi ya tangawizi, mwenye damu ya Shirazi, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika ncha. Hali yake ilinishtua. Manyoya ya tumboni na ya kwapani yalikuwa yamesokotana yakashikamana na kuwa gamba moja gumu, kama busati lililoloa maji ya chumvi likakaukia juani. Kila akipiga hatua gamba lile lilimvuta ngozi. "Anapenda kuzurura," Bi Mkubwa aliniambia kabla sijamuuliza, "harudi ndani nikamchana."

Ilinichukua siku mbili. Sikutumia mkasi. Nililifungua gamba kwa kitana kutoka pembeni, unywele baada ya unywele, na palipokataa nikapitisha mashine taratibu. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, na mahala pawili palikuwa na vidonda. Nilipomaliza paka alijinyoosha urefu wake wote, na nadhani alikuwa hajajinyoosha vile kwa miezi mingi. Bi Mkubwa alipokuja kumchukua alimpapasa tangu kichwani hadi mkiani, polepole, kwa viganja viwili, na uso wake ukafunguka. Kisha akanilipa. Bei ilikuwa elfu kumi na tano. Alinikabidhi noti tatu za elfu kumi. Nilimrudishia moja pamoja na chenji yake. Akasema, "Ah, zilikuwa zimegandana." Tukanyamaza kidogo. Nilijua kwamba haoni, naye akajua kwamba nimejua.

Alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya ghorofa mbili, yenye ngazi za mwinuko mkali kama zilivyo nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Wanawe walikuwa Dar es Salaam. Walikuwa wakimpigia simu kila wiki, naye kila wiki aliwaambia mzima, macho yapo, kamba anazichambua mwenyewe. Hilo nililijua baadaye, lakini hata siku ile nilijua ya kutosha.

Nami nilikuwa nimempiga picha paka yule kabla sijaanza, na nikampiga tena nilipomaliza. Nilikuwa nimeona matangazo ya namna hiyo kule Muscat: picha mbili ubavu kwa ubavu, kabla na baada. Nikazisafisha kwa ukubwa wa sinia na kuzitundika mlangoni, huku uchafu wote wa ile ya kwanza ukionekana wazi, maana kadiri ile ilivyotisha ndivyo ya pili ilivyonipamba. Sikumwomba ruhusa Bi Mkubwa. Nilijiambia kwamba paka hana jina usoni.

Ningependa kusema kwamba tangazo lile halikufaa kitu. Lilifaa. Watu walisimama, wakashangaa, wakaingia. Katika wiki tatu nilipata wateja wapya kumi na wanne, idadi ambayo sikuwa nimeipata katika nusu mwaka uliotangulia. Nilianza kufikiria kukodi chumba cha pili.

Siku moja karibu na Sikukuu alisimama mlangoni bwana mmoja wa makamo, amevaa kanzu mpya, akazitazama zile picha kwa muda mrefu. Nikadhani ni mteja. "Paka huyu alikuwa hivi kweli?" aliniuliza. Nikamhadithia kwa fahari: siku mbili nzima, bila ya mkasi, vidonda viwili nikavisafisha. "Na mwenyewe alikuwa wapi mpaka akafika hivi?" Nikajibu, na ninajibu kila usiku ninapokosa usingizi, "Mwenyewe mtu mzima, masikini. Macho hayamsaidii tena." Yule bwana alinishukuru, akaenda zake. Alikuwa ndiye mwanawe mkubwa, amekuja kula Idi na mama yake, na paka wa sikio lililokatika alikuwa amemjua tangu mbali.

Walimkalisha kikao. Yaliyosemwa humo si yangu kuyasimulia. Wiki mbili baadaye Bi Mkubwa alikuja dukani akishikwa mkono na mjukuu wake, na kikapu cha ukili chenye paka. Alikuwa anahamishiwa Dar es Salaam. Hakupandisha sauti. Alisimama pale katikati ya chumba, uso wake umeelekea upande ambako mimi sikuwapo, akasema:

"Mwanangu, nilikuletea paka umwogeshe. Wewe umenikosha mimi, nami ningali hai."

Sikuwa na la kujibu. Akaendelea, "Mama yako alimkosha dada yangu. Miaka thelathini hii. Hadi leo sijui alichokiona." Kisha akaniwekea kikapu miguuni. Huko anakokwenda ni ghorofani na wenyewe hawataki paka. "Kaa naye," akasema. "Wewe ushamjua."

Huenda wanawe walifanya la haki. Ngazi zile zingeweza kumuua, na mtoto anayemtakia mema mama yake ana wajibu wake. Nimeligeuza jambo hili kila upande kwa miaka, na mara nyingine naona kwamba yaliyotokea ndiyo yaliyopaswa kutokea. Lakini kulisema halikuwa langu, na kulitundika mlangoni ndiyo kabisa.

Nilikwenda kwa mama jioni ile. Alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote bila ya kuficha, nikamaliza kwa kuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza: yeye, katika miaka yote hiyo, hakupata kuona jambo akatamani kulisema, hata kwa faida? Alikusanya chuya kwenye ukingo wa ungo. Akasema, "Kuna mmoja nilimkosha, watu wote walimjua kwa…" Kisha akaacha. Nikamsubiri amalize. Akaupeta mchele, akaupeta tena, akaniuliza kama nimeshakula.

Hakumaliza sentensi ile hadi alipofariki dunia.

Nilizishusha picha usiku uleule. Waliokuja kwa ajili ya picha walipungua, na kwa muda nilirudi kwenye siku za kukaa kizingitini nikihesabu wapita njia. Sikujua nifanye nini, basi nikafanya kama mama. Nilitundika pazia la kanga kati ya mlango na meza ya kazi. Nikawa nampokea mteja mmoja kwa wakati mmoja, ili mwenye paka mchafu asikutane na mwenye paka msafi. Nikiona ugonjwa, namwambia mwenyewe peke yake na kumwelekeza kwa daktari wa mifugo. Namuuliza pia, bila ya kumhukumu, amempaka paka wake dawa gani, kwani ziko dawa za kupe za mbwa zenye pemethrini ambazo humtetemesha paka na kumuua, na mtu aliyekwisha kuzitumia hatasema ila akihakikishiwa kwamba hatachekwa. Akiniuliza mtu, "Yule paka wa fulani huja kwako?" nasema sikumbuki. Nimekuwa hodari wa kusahau.

Wateja walianza kuja kwa njia ambayo sikuitarajia. Walikuja magharibi, duka likikaribia kufungwa, na paka wao wamefunikwa. Alikuja mwanamke aliyekuwa ameuguliwa na mumewe mwaka mzima na paka akasahauliwa. Alikuja kijana aliyerithi paka wanne wa bibi yake asijue pa kuanzia. Alikuja mtu wa cheo ambaye paka wake alikuwa amejaa viroboto nyumba nzima, na jambo aliloliogopa si viroboto bali watumishi wake kujua kwamba amejua. Nikafahamu kuwa watu hawa walikuwapo siku zote, nyuma ya milango yao, na kwamba ndio waliokuwa wakinihitaji zaidi kuliko wote. Picha yangu iliwavuta wenye paka wazuri waliotaka wawe wazuri zaidi. Hawa iliwafukuza. Kila aliyekuwa na fundo la manyoya nyumbani kwake alipita mbele ya mlango wangu, akaitazama ile picha ya kwanza, akajiona yeye ametundikwa.

Na mtu aliyesitiriwa husema. Hasemi aibu yake. Husema jina lako. Huwa akimwona shoga yake anahangaika, akamnong'oneza, "Nenda kwa Mwosha Paka, hana maneno." Sijapata kusikia tangazo lililo bora kuliko hilo, na silipii hata senti. Mwaka 2018 nilikodi kile chumba cha pili.

Sitaki kujifanya bora kuliko nilivyo. Mama aliwasitiri watu kwa ajili ya Mungu. Mwenye nacho alimpa kanga au sukari, na asiye nacho alimpa dua. Mimi nina bei, na bei yenyewe imepanda. Kuna nyakati najiuliza kama kunyamaza kunakoleta pesa ni amana au ni biashara tu iliyovaa buibui. Jawabu sijalipata. Najua tu kwamba kazi zote za kuosha, za walio hai na za waliokufa, humfikisha mtu mahala ambapo mwenye mwili hawezi kujificha, na anayefikishwa hapo ana deni.

Mama alifariki mwaka 2019. Mwosha huoshwa, ndivyo wanavyosema wazee, na zamu yake ilipofika waosha wenziwe wawili walikuja na mifuko yao wakanitazama. Nikaingia pamoja nao. Majani ya mkunazi nilikuwa nimeyatwanga mwenyewe. Nilimshika kama alivyonifundisha, na niliyoyaona siyasemi.

Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya Korona yalipokata safari za wageni, wenye mbwa karibu wote waliondoka kwa mara moja, na wengine wakaacha wanyama wao kwa walinzi. Kwa miezi kadhaa mahoteli yalikuwa kimya kama makaburi. Wenye maduka jirani zangu walifunga mmoja baada ya mmoja. Mimi sikufunga. Watu wa magharibi waliendelea kuja na vikapu vyao, baadhi yao na deni, baadhi yao na samaki badala ya pesa, na hivyo ndivyo nilivyovuka.

Bi Mkubwa alifariki Dar es Salaam mwaka 2021. Nilipata habari kwa mjukuu wake, yule aliyemshika mkono, ambaye alikuja kunitazama na kumtazama paka. Hatukuzungumza mengi. Aliyemkosha simjui; naomba awe alikuwa na mikono mizuri na mdomo mzito. Paka wake yuko nami, amezeeka, na hulala kizingitini pangu. Wateja humpapasa wakipita. Hakuna anayejua habari zake, ila ninyi mnaosoma hapa, nami nimewaambia kwa idhini.

Juzi jioni kijana mmoja ambaye sikuwahi kumwona alisimama mlangoni na sanduku lililofunikwa khanga. Aliangaza macho kwenye kuta zangu tupu.

"Dada, huna picha za kazi zako nikaona?"

"Sina," nikamwambia.

Nikadhani ataondoka, kama wanavyoondoka wengine. Alisimama kidogo. Kisha akasogea, na sauti yake ikashuka. Paka ni wa mama yake. Mama hajiwezi tangu Ramadhani, na nyumbani hakuna aliyekuwa akimwangalia paka. "Ana hali mbaya," akasema. "Naona haya."

"Ingia," nikamwambia. "Funga mlango."

Nikateleka maji.